UZI: Kaskaskia, kijiji cha watu 21 kilichowahi kuwa makao makuu ya jimbo la Illinois

Mwana Mtoni

Wakuu, habari za jioni.

Fungua ramani ya Marekani kwenye simu yako, tafuta jiji la St. Louis, halafu ufuate mto Mississippi kuelekea kusini. Mpaka wa Illinois na Missouri unateremka katikati ya maji, kilomita baada ya kilomita. Ukishapita mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, utaona jambo la ajabu: mpaka unauacha mto. Unakata kuingia magharibi, unazunguka kipande kikubwa cha ardhi, kisha unaurudia mto na kuendelea na safari yake.

Kipande hicho kina kijiji kinaitwa Kaskaskia. Kiko upande wa Missouri, kimepakana na Missouri kwa nchi kavu, barua zao zinapitia posta ya Missouri, lakini ni Illinois. Wanapiga kura Illinois na kiserikali wako Kaunti ya Randolph, ambayo makao yake, mji wa Chester, yako ng'ambo ya mto.

Naishi St. Louis, naendesha lori, na barabara hizo nilizipita miaka bila kujua. Mwaka jana nilipata siku mbili za mapumziko nikaamua kwenda. Tangu nirudi nimekuwa nasoma habari zake kila nikipaki lori usiku, na leo nimeona niwaletee.

Nianze na idadi ya watu, maana ndiyo iliyonivuta. Sensa ya 1990 ilihesabu watu 32. Ya mwaka 2000 ikawakuta 9. Ya 2010 wakawa 14, na ya 2020 wakawa 21. Watu ishirini na mmoja, na ni kijiji kamili kisheria. Kwetu hiyo haijazi hata daladala moja. Na hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya jimbo ambalo leo lina Chicago ndani yake.

Turudi nyuma. Mwaka 1703 mapadre Wajesuiti kutoka Ufaransa walihamia hapo pamoja na Wakaskaskia wenyewe, mojawapo ya makabila ya muungano wa Waillinois. Misheni ilikuwa ya zamani kuliko kijiji. Padre Jacques Marquette aliianzisha mwaka 1675 mbali kaskazini, kwenye mto Illinois, na ilikuwa ikihama na watu wake. Wakachagua pahala pazuri mno kwa macho ya mkulima: uwanda wa udongo mweusi ulioachwa na mafuriko, Mississippi ikiwa magharibi, mto mdogo wa Kaskaskia mashariki, na mji katikati yake, kwenye ukingo wa huo mto mdogo. Ng'ambo ya mto mdogo kuna vilima vya mawe ya chokaa vimesimama kama ukuta.

Wafaransa wengi waliofuata walitoka Kanada, na baadhi yao walioa mabinti wa Kikaskaskia kanisani. Mashamba waliyagawa kwa namna yao: vipande vyembamba virefu kama ukanda, kila familia na wake, vyote ndani ya uzio mmoja wa pamoja. Wakishavuna, uzio unafunguliwa na mifugo ya kijiji kizima inaingia kula mabua. Walilima ngano, wakaisaga, na unga ukateremka kwa mashua mpaka New Orleans. Yaani watu walio mwisho wa Mississippi walikula mkate wa unga wa Kaskaskia.

Mwaka 1741 mfalme Louis XV aliwapelekea kengele ya kanisa. Iliyeyushwa La Rochelle, ikavuka Atlantiki, halafu ikavutwa kinyume cha mkondo kutoka New Orleans, na hapo hakuna injini, ni kamba na mikono ya watu. Kengele hiyo ina uzito wa karibu kilo 300. Nimeiona kwa macho yangu, iko kwenye kijumba cha matofali kando ya kanisa. Ina rangi ya kijani iliyofifia, maua ya Kifaransa yamechorwa ubavuni, na ufa umeshuka kwenye ukingo wake. Nilisimama pale muda mrefu peke yangu. Hakuna mtu aliyepita, ila mbwa mmoja alibweka mahali akanyamaza.

Waingereza waliichukua nchi hiyo kwa mkataba wa 1763. Halafu vita ya uhuru wa Marekani ikaja, na usiku wa tarehe 4 Julai 1778 George Rogers Clark, kamanda wa upande wa Wamarekani, aliingia Kaskaskia na wanaume wapatao 175 kwa niaba ya Virginia. Aliuteka mji bila risasi kupigwa. Kengele ile ikalia, na ndiyo maana mpaka leo wanaiita Kengele ya Uhuru ya Magharibi. Ile maarufu ya Philadelphia ni mdogo wake kwa miaka 11.

Mwaka 1809 Kaskaskia ikawa makao makuu ya eneo la Illinois. Mwaka 1814 gazeti la kwanza la Illinois likachapwa hapo. Mwaka 1818 wajumbe wakakutana hapo kuandika katiba, Illinois ikawa jimbo, na Kaskaskia makao yake makuu ya kwanza. Ilidumu miaka miwili tu. Mwaka 1820 makao yakahamishiwa Vandalia, baadaye Springfield, na mji ukabaki na kengele yake, kanisa lake na bandari yake.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae.

Ukiuliza nini kiliiua Kaskaskia, wengi watakuambia mafuriko ya 1881. Ni kweli, lakini mimi nasema kifo kilianza na shoka. Kuanzia 1817 meli za mvuke zilianza kupanda Mississippi hadi St. Louis, na meli hizo zilikula kuni. Kila baada ya mwendo fulani zilitia nanga kupakia magogo yaliyopangwa ukingoni tayari kwa kuuzwa. Mwenye msitu kando ya mto alikuwa na pesa mlangoni. Wakakata, wakakata, miaka na miaka, mpaka kingo zikabaki tupu. Mizizi ndiyo iliyokuwa imeushika udongo ule laini. Ilipooza, kingo zikaanza kumeguka, mto ukapanuka, ukawa na kina kifupi na mchanga mwingi, ukaanza kutafuta pa kupita.

Mafuriko ya 1844 yaliubomoa mji vibaya, na miaka michache baadaye makao ya kaunti yakahamia Chester, kwenye kilima. Halafu Aprili 1881, juu kidogo ya mji, Mississippi ikakata shingo nyembamba ya ardhi iliyoitenganisha na mto mdogo wa Kaskaskia, ikamwagikia humo. Fikirieni: barabara ya mtaani kwenu inageuzwa ghafla kuwa njia kuu ya malori ya nchi nzima. Mto mdogo haukuwa na upana wa kuyabeba maji yale, kwa hiyo maji yakajipanulia njia kwa kula ukingo, na ukingoni ndipo ulipokuwa mji.

Haukuzama kwa siku moja. Ulimegwa kidogokidogo, nyumba baada ya nyumba, kwa miaka. Watu waliamka na kupima kwa macho ukingo umebakiza hatua ngapi kufika ukutani. Miaka ya 1890 kanisa likahamishwa, likajengwa upya kusini zaidi, na kijiji kikaanza upya hapo. Wafu nao walihamishwa: maelfu ya mabaki yalifukuliwa makaburini na kuzikwa upya kilimani ng'ambo, mahali panapoitwa Garrison Hill. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wa kale ulikuwa umekwisha kabisa. Mississippi inapita juu yake.

Naishia hapo kwanza, nikale. Maswali yanakaribishwa.

---

Kyela Yetu

Mkuu, umenigusa pabaya. Sisi kwetu ni mto Songwe, mpaka wetu na Malawi. Ule mto unahama kila mvua kubwa, mtu analala shamba lake liko Tanzania anaamka liko ng'ambo. Wazee wetu wameishi na shida hiyo na serikali mbili zimekaa kuzungumzia jinsi ya kuutuliza.

Swali langu: kwa nini mpaka wa Illinois haukuhama na mto? Nani aliamua?

---

Mwana Mtoni

Kyela Yetu, swali zuri sana ndugu yangu.

Mahakama za Marekani zina kanuni ya zamani kuhusu mito ya mipaka. Mto ukihama polepole, ukimegua huku na kujaza kule kidogokidogo, mpaka unaufuata mto. Ila mto ukiruka ghafla na kuacha njia yake ukachukua nyingine, mpaka unabaki kwenye njia ya zamani. Ya 1881 ilikuwa ya kuruka. Kwa hiyo mpaka umebaki kwenye mkondo wa zamani, ambao leo ni kama dimbwi refu la matete kati ya Kaskaskia na St. Mary, mji mdogo wa upande wa Missouri. Unalivuka kwa daraja dogo kabisa. Nilipunguza mwendo nikachungulia: maji ya kahawia yaliyosimama, miti imeinamia humo. Hapo ndipo Mississippi ilipopita, na hapo ndipo unapoingia Illinois.

Kanuni hiyo naiona ina haki ndani yake. Mtu hapaswi kulala raia wa huku akaamka raia wa kule kwa sababu ya usiku mmoja wa mvua.

---

Mpimaji Ardhi

Ahsante kwa uzi ulioshiba. Ila mkuu, hapo kwenye shoka nina wasiwasi kidogo. Mito ya uwandani huhama yenyewe. Inapinda, kona zinanyooka, shingo inakatika. Imefanya hivyo kabla binadamu hajazaliwa. Tusije tukawabebesha wakata kuni mzigo wa maumbile.

---

Mwana Mtoni

Mpimaji, nakubaliana na nusu ya maneno yako. Uwanda wote ule ni kazi ya mto; ukitazama kwa juu unaona makovu ya kona za zamani kila mahali, mengine yamekuwa maziwa ya umbo la mwezi mwandamo. Mississippi ingekuja kuhama tu, siku moja.

Lakini mji ule ulikaa pale zaidi ya miaka 100 kabla ya meli za mvuke, na mto ukawa jirani unaovumilika, wenye mafuriko yake ya hapa na pale. Baada ya misitu ya kingoni kufyekwa, mto uliongezeka upana kwa kiasi ambacho kinaonekana ukilinganisha ramani za mwanzoni mwa karne ya 19 na za baadaye. Vijiji vingine vya Kifaransa kati ya St. Louis na hapo navyo viliumia. Mto una tabia yake, sikatai, na watu waliuondolea breki.

Na kinachoniuma ni kwamba walioteketeza kuni walikuwa wanapita tu. Aliyebaki ukingoni ndiye aliyelipa.

---

Bi Mwanahawa

Kaka nimesoma mpaka mwisho, umeandika vizuri. Lakini umesema Wafaransa walilima ngano. Mimi sijawahi kusoma historia ya Marekani ya karne ya 18 ambayo mzungu amelima peke yake. Waliokuwa wanashika jembe ni nani hasa?

---

Mwana Mtoni

Dada, umenishika, na una haki ya kuniuliza. Ningepaswa kuliweka juu kule.

Kaskaskia ilikuwa na watumwa weusi tangu miaka ya mwanzo ya Wafaransa, na watumwa wa kienyeji pia. Katikati ya karne ya 18 weusi walikuwa sehemu kubwa ya wakazi wa mji. Waliilima ngano ile, waliisaga, na waliisukuma mashua ile kwenda New Orleans. Wajesuiti wenyewe, waliofundisha katekisimu, walimiliki makumi ya watu mpaka amri ya Ufaransa ilipolivunja shirika lao mwaka 1763.

Na sheria ilikuwa ya kukatisha tamaa. Mwaka 1787 Marekani ilitangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Ohio halitakuwa na utumwa. Kaskaskia iko humo. Lakini wenye watumwa wa tangu enzi ya Wafaransa wakaachiwa waendelee nao. Katiba ya 1818, ile iliyoandikwa Kaskaskia, ilizuia utumwa mpya ikawaacha waliokuwa tayari minyororoni. Mtu alizaliwa katika jimbo linaloitwa huru akiwa mtumwa kwa sababu bibi yake alinunuliwa na Mfaransa. Ilichukua mpaka 1845, kwenye kesi ya Jarrot dhidi ya Jarrot, ndipo Mahakama Kuu ya Illinois ikasema wazao hao ni watu huru. Aliyefungua kesi ni mtu mweusi, Joseph Jarrot, aliyemshtaki mwanamke aliyejiita mmiliki wake akidai mshahara wa kazi aliyofanya. Mshahara, dada. Hilo jina nimeliandika kwenye daftari langu.

Nyumba ya Pierre Menard, naibu gavana wa kwanza wa Illinois, bado imesimama chini ya kilima ng'ambo ya mto, nzuri, ina baraza pana la Kifaransa. Naye alikuwa na watumwa. Ukienda, tazama jiko lililotengwa nyuma ya nyumba, na jiwe la kuoshea vyombo lililochongwa. Mikono iliyokuwa inasugua pale haina sanamu popote.

---

Bi Mwanahawa

Ahsante. Sasa uzi umekamilika zaidi.

---

Mwalimu Mstaafu

Vijana, hongereni kwa mjadala wa heshima. Naomba kuuliza kuhusu wenye jina. Hao Wakaskaskia wako wapi leo?

---

Mwana Mtoni

Shikamoo mwalimu.

Hawako Kaskaskia. Vita na maradhi yaliyoletwa na wageni viliwapunguza sana katika karne ya 18. Mwaka 1803 chifu wao Jean Baptiste Ducoigne alitia sahihi mkataba na Marekani, sehemu kubwa sana ya Illinois ikaondoka mikononi mwao. Mwaka 1832 wakatoa kilichobaki wakahamishiwa Kansas, kisha Oklahoma. Waliungana na ndugu zao Wapeoria, Wawea na Wapiankashaw, na leo ni taifa moja linaloitwa Peoria, makao yake mji wa Miami, Oklahoma. Yaani jina limebaki kwenye mto, na wenyewe wako jimbo jingine kabisa.

Kuna jambo moja litakufurahisha kama mwalimu. Wajesuiti wale waliandika kwa mkono kamusi kubwa ya lugha yao kwa Kifaransa, maelfu ya maneno. Nakala hiyo iko Trinity College, Hartford, jimbo la Connecticut. Wazungumzaji wa mwisho waliozaliwa na lugha hiyo walikwisha kufa, lakini leo wazao, hasa Wamiami ambao lugha yao ni hiyohiyo, wanaifundisha upya kwa watoto, na kamusi ile ni mojawapo ya visima wanavyoteka.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hiyo ya kamusi nimeifurahia kweli.

---

Baba Neema

Mimi ni Mkongomani, naishi St. Louis pia, mtaa wa kusini. Ndugu, nimepita St. Mary mara nyingi nikienda kazini Ste. Genevieve na sikujua kuna kitu pale! Swali langu ni moja. Hao watu 21 wanabaki kwa nini? Sisi tulikimbia kwetu kwa sababu ya vita, tunajua kuacha nyumba. Hao wamezingirwa na maji, kwa nini hawaondoki?

---

Mwana Mtoni

Baba Neema, karibu sana ndugu.

Waliondolewa, mwaka 1993. Mafuriko makubwa ya mwaka ule yalivunja tuta linalokizunguka kisiwa (ndivyo wanavyokiita kipande kile) mwezi wa Julai, na kijiji kikafunikwa na maji ya kina cha karibu mita 3. Kanisa lilikuwa ndani ya maji, nyumba zilizama, na hapo ndipo ile hesabu ya 32 iliposhuka ikawa 9. Wengi walichukua njia wakaenda.

Waliorudi ni wakulima. Udongo ule ule unaowatisha ndio unaowalisha: mahindi na soya mpaka macho yanapoishia, yamepandwa mpaka mguuni pa tuta. Tuta lilijengwa upya. Nilipopita hapo mahindi yalikuwa yamenizidi kimo pande zote mbili za barabara, sikuona kitu ila mnara wa kanisa ukitokeza juu yake. Kuna wanaolima pale lakini wanalala St. Mary au Chester, kwa hiyo ile namba ya sensa haisemi mikono yote inayofanya kazi kwenye ardhi ile.

Wewe uliacha nyumba kwa sababu ya bunduki, na huwezi kujadiliana na bunduki. Mto, nafikiri, mkulima anaona anaweza kujadiliana nao. Anainua tuta, anasubiri miaka kumi ya mavuno.

---

Baba Neema

Nimeelewa. Jumapili nataka kuwapeleka watoto. Nipite wapi?

---

Mwana Mtoni

Shuka na barabara namba 55 mpaka njia ya Ste. Genevieve, halafu fuata ya 61 kusini mpaka St. Mary. Pale ulizia daraja la kuingia kisiwani, ni dogo, usilipite kwa kasi. Ukishavuka umeshaingia Illinois, fuata barabara kati ya mashamba mpaka uone mnara. Weka mafuta kabla, kijijini hakuna kituo wala duka.

Ukimaliza kengele, usirudi nyumbani. Rudi St. Mary, teremka mpaka daraja la Chester, vuka mto, halafu upande kaskazini kwenye eneo la kihistoria la Fort Kaskaskia. Ni mwendo wa kuzunguka, najua, lakini ndiyo njia. Ngome yenyewe ni tuta la udongo tu lililoota nyasi. Makaburi yaliyohamishwa yako karibu hapo. Halafu kuna sehemu ya kutazamia mandhari, imewekwa ukingoni mwa kilima. Wasimamishe watoto hapo uwaonyeshe Mississippi chini, pana, ya rangi ya chai ya maziwa, na mashua za mizigo zikipita. Waambie kanisa, soko, gazeti na bunge vilikuwa hapo, chini ya hayo maji wanayoyaona.